Daftari la Zamu

Ziwa tunaliona. Hilo ndilo linaloudhi.
Tangu utoto tunaliona likimeta nyuma ya majabali,
limejaa, halina haraka na mtu,
nasi huku, hatua mia nane tu,
mahindi yamejikunja kama masikio ya mbuzi mgonjwa.
Mwaka ule mvua ya Novemba ilipokuja Januari
tulikula michembe asubuhi, michembe jioni,
ilipokwisha tukaanza kuhesabu kuku.

Pampu tuliinunua kwa kuchangishana:
pamba ya Kwilasa, fahali wa Ndalahwa,
dagaa wa kina mama wa mwaloni,
elfu mbili mbili zilizotoka kwenye pindo za khanga
zikinuka samaki.
Mfereji tukauchimba kwa mikono miezi minne.
Jabali moja lilitukatalia.
Tulilichoma kwa kuni, tukalimwagia maji,
likapasuka robo, likabaki linatutazama.
Tukalizunguka.
Ndiyo maana mfereji wetu una kigongo.

Mimi nina goti bovu, sururu siiwezi.
Wakanipa kalamu na daftari la kurasa mia mbili:
“Andika zamu. Saa mbili kila jaruba.
Na asiyefuata, mwandike vilevile.”

Nilidhani maji hayana ndugu.
Kumbe yana kichwa na yana mkia:
wa kichwani mpunga wake hulala kwa uzito,
wa mkiani hupokea unyevu na salamu.

Usiku wa Jumatano, zamu ya Mbuke,
mjane wa jaruba la mwisho kabisa,
saa tano hadi saa saba.
Saa sita akagonga dirisha langu:
“Mwandishi, mfereji wangu umenyamaza.”
Tukaufuata kwenda juu kwa tochi inayofifia,
vyura wakikatiza mbele yetu, wakianza tena nyuma.
Geti la saba. Bati limenyanyuliwa vidole vitatu,
limeegemezwa kigae cha chungu,
na maji yanaingia polepole
kama mgeni aliyeizoea nyumba.

Kigae nikakitambua.
Mchuzi wa furu nimeulamba ndani ya chungu hicho
kabla sijajua a, e, i.

Mbuke alikitambua pia. Hakusema.
Alishusha bati kwa mguu,
akanitazama mimi,
akaitazama kalamu iliyokaa sikioni.

Nikaandika, tochi nimeibana kwa meno:
Geti la saba. Saa sita na robo. Milembe Shija.
Faini elfu tano, au siku moja ya kuzoa tope.
Sikuandika “mama”.
Safu ya hilo haimo daftarini.

Asubuhi nilimwamkia, mwangaluka,
akawajibu kuku:
“Nimeuza mbuzi watatu asome,
kumbe nilikuwa namnolea kalamu ya kuniandika.”

Jumamosi akaja na jembe.
Akashuka, tope magotini, khanga kaifunga kibwebwe,
akazoa kipande chake mpaka alama,
akaivuka alama.
Akapita kwa Ndalahwa, akapita kwa Kwilasa,
jua linamchoma mgongo, hasemi,
mpaka mkiani kabisa, kwa Mbuke.
Hawakuamkiana.
Mbuke alichukua jembe lake
akaanzia upande wa pili.
Tope lilirushwa huku na huku
kama watu wanaojibizana.

Mavuno nimeyaandika: Mama magunia sita,
Mbuke manne, mwaka juzi alipata debe.
Kwenye faini nimepiga mstari mmoja: imelipwa.
Kuna mtu alinishauri nichane ule ukurasa.
Daftari likichanwa kurasa moja, nyingine hulegea.

Wali wa kwanza mama alipika mwenyewe, kwa kuni,
akatupakulia sote, hata mimi.
Ila ukoko, ambao tangu nizaliwe ni wangu,
aliubandua mzima mzima,
akaufunika kwa sahani,
akaondoka nao kuelekea mkiani.